Mbuzi Mmoja, Majina Mawili ya Kodi

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama mlangoni pa mashine yangu ya kukamulia alizeti, hapa Ikungi, mikono imejaa mafuta. Mbele yangu alikuwa dada wa ofisi ya kodi. Aliniuliza mke wangu yuko wapi, nikamjibu tumetengana, naye akacheka.

Kwa asiyejua: mke wangu Agripina aliondoka wakati wa palizi, na aliondoka kwa sababu yangu. Nilijificha dukani nyuma ya magunia ya mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, nimsikilize anaongea na nani kwenye simu. Vumbi la mashudu likaniingia puani, nikapiga chafya. Hakunigombeza. Alibeba cherehani yake akaenda kwa kaka yake Gaspari, kule Unyambwa. Sasa alizeti imevunwa na bado yuko huko.

Turudi kwenye kicheko cha yule dada.

"Kinachokuchekesha nini?" nikamuuliza.

"Samahani, baba. Wewe ni wa tatu wiki hii. Ikungi nzima mmetengana?"

"Ya wengine siyajui. Wangu hayupo."

Jina lake Editha. Kwa umri ni mwanangu kabisa, na alipofika alinipa shikamoo yangu kwa adabu zote. Mimi mtu wa kodi anayeamkia vizuri simwamini. Wa zamani walikuja wamenuna, ukajua umesimama wapi.

"Mashine hii ina jina lako," alisema. "Duka la mafuta na mashudu pale barabarani lina jina la Agripina. Majina mawili, namba za mlipakodi mbili. Lakini simu ni moja."

"Simu gani?"

"Hiyo inayoita mfukoni mwako."

Kweli ilikuwa inaita. Nikaizima bila kuiangalia.

"Nani amewaletea habari zangu?"

"Hakuna mtu, baba. Mmeandikisha namba moja ya simu kwa watu wawili. Kompyuta imeona."

Sikukubali. Kompyuta iliyokaa mjini inijue mimi, Elisha, niliyeishia darasa la tano? Waliojua habari za duka lile walikuwa watatu. Rafiki yangu Zefania alijua, maana ndiye aliyenifundisha. Shemeji yangu Gaspari alijua. Na Agripina.

Habari zenyewe nitazisema wazi, maana gazeti hili si baraza. Zefania aliniambia kila jina lina nafasi yake. Mauzo ya mwaka yasipofika kiwango fulani, mwenye biashara ndogo hatozwi kitu. Yakizidi kidogo, anatozwa kidogo. Agripina hakuwa na biashara, kwa hiyo nafasi yake ilikuwa imekaa tupu kama kitanda cha mgeni. Nikasema, kwa nini ilale bure? Nikaandikisha duka kwa jina lake, na kila mwaka nikawa napitisha mle sehemu ya mauzo ya mashine, mpaka kitanda kinajaa.

Na akiba yetu ya benki, ile ya kuweka kwa muda maalumu, nayo nikaiandika jina lake. Nilijua riba yake italala kitanda kilekile.

Hayo ya akiba Editha hakuniuliza. Nilijitajia mwenyewe. Mdomo wangu hauna komeo.

"Riba?" akasema. "Riba haina nafasi hiyo, baba. Benki inakata kumi kwa mia kabla haijawafikia. Iwe jina lako, la mkeo, au la ng'ombe wako, ni kumi ileile."

"Kwa hiyo nilimwandikia bure?"

"Hukumwandikia bure. Ulimpa."

Nilitaka kukaa, lakini mbele ya mtu wa kodi hukai.

"Nisikilize vizuri," akaendelea. "Mimi sitafuti ndoa ya mtu. Sheria inamhesabu mume peke yake na mke peke yake. Ila kila mmoja awe na biashara kweli. Mkeo hayupo tangu palizi. Duka linauza. Funguo unazo wewe na hela inaingia kwenye simu yako. Sasa kama mmetengana na duka ni lake, aje aseme duka na faida ni vyake. Nitaandika biashara mbili, na wewe kesho usije ukalia. Kama bado ni mkeo na duka unaliendesha wewe, hiyo ni biashara moja ya mtu mmoja. Tutarudi nyuma tuihesabu upya, na faini juu."

"Nyuma mpaka wapi?"

"Mpaka ulipoanza ujanja."

"Na nikishindwa kulipa?"

Aliitazama mashine, akaitazama tena kwa utaratibu kama mtu anayetazama fahali mnadani.

"Ijumaa," akasema. "Njoo na mkeo, au njoo na karatasi ya baraza la kata kwamba mmesuluhishwa mkashindwa. Chochote utakachosema, ndicho nitakachoandika. Ubaki salama, baba."

Akaondoka na adabu zake.

Mnaona nilivyobanwa? Nikisema nina mke, mashine inaondoka. Nikisema sina, mashine inabaki, lakini Agripina anaondoka kwa karatasi, na duka na akiba vinamfuata.

Nilikaa juu ya gunia nikafikiri, na wazo nililopata niliona ni zuri sana. Tutatengana kwa karatasi tu. Agripina atakuja baraza, atasema tumeshindwana, Ijumaa itapita, na baadaye maisha yataendelea. Karatasi si kitanda.

Kulikuwa na jambo moja tu baya. Mbuzi.

Kwa ukoo wa mke wangu, mume anayetaka mkewe arudi hutanguliza mbuzi. Mshenga ndiye humpeleka, na wakwe wanamfunga uani. Mbuzi akiendelea kuwa amefungwa, neno halijakwisha. Akichinjwa na majirani wakala, limekwisha: mke ni wako, kilichobaki ni kumchukua. Hakuna wa kurudi nyuma, maana huwezi kutapika nyama ya watu wote.

Mimi nilishampeleka mbuzi. Dume jeupe, kupitia kwa Zefania, kabla ya yule dada kuja. Tangu siku hiyo nilikuwa nikiomba kila asubuhi nisikie amechinjwa.

Sasa nilipanda pikipiki kuelekea Unyambwa huku naomba nimkute hai.

Njiani nilimpigia Zefania.

"Amechinjwa?"

"Bado nilivyosikia. Una haraka ya nini? Mwanamke anapikwa polepole."

"Zefania, wewe ndiye uliyekwenda kusema ofisi ya kodi?"

Kimya. Halafu akasema, "Elisha, nimekufundisha mimi, nikakushitaki mimi? Ningekuwa mjinga kiasi hicho ungekuwa unanishauri wewe."

Akakata. Nikajiuliza kwa nini amekaa kimya kwanza. Mtu asiye na kosa hukaa kimya cha nini?

Unyambwa nilimwona mbuzi kabla sijaona mtu. Alikuwa amefungwa kwenye mkaratusi, mnene, mdomo umejaa majani ya viazi. Nikashusha pumzi. Kisha, sijui kwa nini, nikaumia. Siku zote hizo, na hakuna mtu aliyeona nafaa kuchinjiwa.

"Shemeji!" Gaspari aliniita kutoka kivulini, anapukuchua mahindi. "Umekuja kumsalimia mbuzi wako? Anakula kuliko wewe."

"Habari za hapa, shemeji."

"Nzuri, za kwako ndizo hatuzijui. Umekonda. Unajipikia?"

"Naishi."

"Kwa mafuta ya alizeti na nini?"

Watoto wake wakacheka. Mimi nilikuwa nasikiliza kitu kingine. Nyuma ya nyumba, sauti ya Agripina ilikuwa kwenye simu. Sauti ya chini, laini, ile iliyonipeleka nyuma ya magunia.

"Ndiyo. Ndiyo, mama. Ijumaa basi. Nitakuwepo." Akatokea, akaniona, hakushtuka, akaniita kwa jina la mtoto wetu.

"Baba Witness. Leo umekuja kwa mbele?"

Gaspari akapiga kofi gotini kwa kicheko.

"Ulikuwa unaongea na nani?" nikauliza. Najua, najua. Hata salamu sikutoa.

"Na Editha. Wa kodi."

"Editha! Mnajuana?"

"Alinipigia jana. Kwenye fomu namba ni yako, akaomba yangu kwa majirani wa dukani. Binti mzuri. Ananiita mama."

"Na mimi ananiita baba! Anaita kila mtu! Umemwambia nini?"

"Alichouliza."

"Aliuliza nini?"

"Kama duka ni langu."

"Ukasema?"

Agripina akakaa kwenye kigoda, akanyoosha kanga yake magotini. "Nikasema nina duka ambalo sijawahi kushika ufunguo wake. Nina hela benki ambayo sijawahi kuila. Riba yake inakatwa kodi kwa jina langu, ujumbe unakuja kwenye simu yako. Nikamwambia: mwanangu, mimi hata sijui kama ni mtu au ni kibao cha dukani."

Gaspari aliacha kupukuchua.

Mtu mwenye akili hapo angenyamaza. Mimi nilikuwa nimekuja na wazo langu nikalitoa.

"Mama Witness, sikiliza. Hilo duka tutalizungumza. Sasa kuna moto. Kesho twende baraza la kata, useme tumeshindwana, watupe karatasi. Ni karatasi tu! Ijumaa ikipita, nakuja kukuchukua."

"Nishindwane na wewe mpaka Ijumaa."

"Ndiyo."

"Jumamosi niwe mkeo."

"Jumamosi au Jumatatu. Mambo yakitulia."

"Yaani uniache na unirudie, kama mtu anavyoazima jembe."

"Si kukuacha! Ni kwa ajili ya mashine!"

Nilipolisema nililisikia. Na Gaspari alilisikia, na mke wa Gaspari aliyekuwa akiosha vyombo alilisikia, maana sufuria iligonga jiwe na hakuiokota.

"Na ile akiba," Agripina akasema taratibu, "mkishaniandika nimeachika, si ni yangu? Huogopi nitaondoka nayo?"

Nilikuwa naogopa. Nilikuwa naogopa hilo njia nzima. Lakini nilikuwa na jibu, nililitengeneza juu ya pikipiki.

"Hapana, kabla ya baraza tutaandikishana wewe na mimi kwamba ni yangu. Zefania awe shahidi."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alinitazama kama mtu anayetazama mvua iliyopita mbali.

"Gaspari," akasema, "umesikia mwenyewe."

Gaspari akainuka. Ni mtu mrefu, na anapoinuka huchukua muda. Akaenda ndani, akatoka na kisu.

"Shemeji," nikasema, "tuzungumze."

"Tunazungumza."

Alipita mbele yangu akaenda kwenye mkaratusi. Mbuzi akamtazama, mdomo bado unatafuna.

"Gaspari! Acha kwanza! Mpaka Ijumaa!"

"Ulileta mbuzi, hukuleta kalenda," akasema. "Hapa kwa marehemu baba yetu hakuna mke wa karatasi. Dada yangu ni mke wa mtu au si mke wa mtu. Umetoa mbuzi kwa mkono wako, kwa mshenga wako, na sisi leo tumekubali. Njoo umshike miguu."

"Simshiki!"

"Basi asimame mwingine. Mwite Mzee Abraham!"

Mzee Abraham ni jirani yao. Ndiye mwenyekiti wa baraza la kata. Yule yule ambaye kesho nilitaka aniandikie kwamba nimeshindwana na mke wangu. Alikuja na fimbo yake, ameshanawa mikono.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mkwe. Afadhali. Wanaume wengi siku hizi wanatuma hela kwenye simu. Wewe umeleta mnyama. Umelelewa."

"Mzee, kuna jambo la kisheria nilitaka..."

"Baada ya ini," akasema Mzee Abraham.

Ikawa imekwisha. Majirani walikuja kama wanavyokuja nzi, samahani kusema hivyo, nilikuwa na uchungu. Wanawake walileta chumvi na ugali. Ini liliokwa kwanza, na aliyekula wa kwanza ni mwenyekiti wa baraza, akalamba vidole akasema chumvi iko sawa. Nikaona karatasi yangu inashuka kooni mwake.

Niliketi pembeni nikihesabu adui zangu. Zefania alikaa kimya kwenye simu. Editha anampigia mke wangu na kumwita mama. Gaspari amemweka mbuzi siku zote hizo bila kumgusa, leo ndiyo amechinja. Kwa nini leo? Kama ni kunikubali, angenikubali juzi. Kuna mtu alikuwa anasubiri mimi nije niseme nilichosema.

Mke wa Gaspari akaniletea sahani. Paja, na ugali wa mtama, na uani kote watu wakaacha kuongea. Kwao mume asipokula, amemtukana kila aliyekula.

Nikamtazama Agripina. Alikuwa ameketi upande wa pili, karibu na cherehani yake, anatazama chini.

Nikala.

Nimeahidi kuandika kweli, basi hii hapa: sijui kama nilikula kwa sababu ya mke, au kwa kuogopa watu, au kwa njaa. Asubuhi nilikuwa nimekunywa uji mtupu. Lakini nilipotafuna lile tonge la kwanza na vigelegele vikapigwa, kuna kitu kililegea kifuani kilichokuwa kimekaza tangu palizi. Nikajiona mjinga na nikaona raha, vyote pamoja. Nikasema moyoni, mashine iende. Mashine ni chuma.

Ndipo nikaona mikono ya Agripina. Mikavu. Sahani yake ilikuwa kigodani imejaa, haijaguswa.

"Mama Witness, mbona huli?"

"Nangoja."

"Unangoja nini? Mbuzi ameshaamua."

"Ameamua hapa Unyambwa. Ofisi ya kodi haendi." Akatoa simu kwenye fundo la kanga. "Wewe una maneno ya uani na maneno ya ofisini. Mimi nayataka ya ofisini."

Akabonyeza. Nikadhani ananitania. Kisha simu ikaanza kuita kwa sauti ya juu, kila mtu anaisikia, na Agripina akainuka akaja kuiweka juu ya kigoda, kati ya sahani yangu na magoti yangu.

"Halo, mama," ikasema sauti ya Editha.

"Mwanangu, samahani kukusumbua. Niko na baba Witness hapa, na ndugu, na mwenyekiti wa baraza. Kuna jambo anataka kukuambia mwenyewe, usisubiri Ijumaa. Anataka kusema kama ana mke au hana."

Mzee Abraham alishusha mfupa. Mtoto mmoja alicheka, akafinywa.

"Nakusikia, baba," akasema Editha, kwa adabu zile zile. "Kalamu ninayo. Ni biashara moja au mbili?"

Nilikuwa bado na nyama mdomoni. Nikaimeza nzimanzima, ikashuka na maumivu. Agripina alikuwa amesimama juu yangu, lakini hakunitazama. Aliitazama simu.

"Dada," nikasema, "kabla hujaandika. Mashine ikiuzwa, inatosha deni lote?"

Hapo Agripina akainua uso. Tangu aondoke nyumbani kwangu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunitazama kama mtu anayenifahamu. Akafungua mdomo. Sijui kama alitaka kulia au kusema.

Hakupata nafasi. Kutoka upande wa chungu, Gaspari alisema, mdomo umejaa, kwa sauti iliyofika hadi ofisini:

"Inatosha! Nitainunua mimi. Hela ninayo tangu mwezi uliopita."

Agripina akageuka taratibu kumtazama kaka yake. Nami nikamtazama, na kile kisu, na ngozi nyeupe iliyotundikwa kwenye mkaratusi.

"Baba?" ikasema simu. "Huyo anayenunua ni nani? Na mimi niandike moja, au mbili?"